Kichwa cha Treni Kilichoita Majina

Mwalimu Maka alifika kwenye kibanda cha Guleid huko Galbet, mjini Garissa, saa nne asubuhi, Jumanne moja ya mwaka 1996, amebeba kichwa cha treni kikapuni. Kilikuwa cha kuchezea, cheusi, kizito kama tofali, na reli zake zilifungwa pamoja kwa kamba. Mzungu mmoja mchimba visima alikuwa amemwachia alipomaliza mkataba. Maka alitaka darasa lake lisikie treni, maana reli haikuwahi kufika upande huu, na mtihani huuliza habari za reli kila mwaka.

“Kinatembea,” alisema. “Ila hakipigi honi. Kinaita watu.”

Guleid, fundi wa redio kwa miaka ishirini, akapanga reli duara mezani na kukiwasha. Badala ya honi ilitoka sauti ya mwanamume akisoma, mtu asiyeyazoea majina ya Kisomali: “Mahat Olow.” Sauti nyingine, ya mbali kidogo, ikaitika: “Naam, afande.”

Guleid alisema huenda ni betri. Akatia mpya, na majina yakapanda sauti. Akasugua magurudumu kwa spiriti, maana vumbi la Garissa halibishi hodi, na majina yakaacha kukatika. Akabadilisha spika, akafunga ya redio kuukuu. Sasa hata malori yalisikika yakinguruma nyuma ya wasemaji, na mtu akikohoa. Kila alichotengeneza kilitengenezeka.

Karibu na adhuhuri kikaita: “Abdihafid Kerrow.”

“Na… naam, afande,” akaitika kaka yake Guleid.

Guleid akaweka bisibisi chini. Abdihafid alichukuliwa mwaka ule askari walipokuja na malori, pamoja na Shuaib, mumewe Maka, na wanaume wengine wa mtaa. Waliambiwa wanakwenda uwanjani kuhesabiwa, wangerudi kabla ya chakula cha mchana. Hawakurudi. Kwa miaka yote hiyo Guleid alikuwa amesahau kwamba kaka yake alikuwa na kigugumizi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Alikwenda msikitini kuswali, akarudi, akafungua bodi. Hitilafu aliiona upesi: mguu mmoja wa chipu ya sauti ulikuwa umeachia lehemu. Akiubonyeza kwa kijiti, honi inalia safi kabisa. Akiuachia, majina yanarudi.

“Ni tone moja tu la lehemu, Mwalimu,” alimwambia Maka, aliyerudi alasiri kutoka shuleni. “Honi italia, na hawa watanyamaza.”

Maka aliuliza kama Shuaib alikwisha kuitwa. Guleid akasema bado.

“Basi usikiguse mpaka wamalize.”

Kilisoma polepole, kikipumzika kila betri zilipochoka. Shuaib aliitwa Alhamisi, akiwa wa thelathini na nane, akaitika kwa sauti ya mtu aliyekauka koo. Maka aliandika jina lake kwenye daftari chini ya mengine, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni. Baada ya wa arobaini na mmoja msomaji alisema, “Fungeni,” kisha akaanza tena na Mahat Olow.

Jumatatu Maka, Guleid na Weris, mama yake Guleid, walikipeleka ofisi ya wilaya. Miaka yote karani alikuwa amekataa kuwaandikia vyeti vya vifo, kwa kuwa faili lilisema wanaume hao wako safarini. Maka hakuwa mke wala mjane. Karani aliondoa karatasi mezani ili reli zipate nafasi, akasikiliza orodha nzima, kwa betri mpya, mpaka jioni, akitikisa kichwa kwa heshima. Alikiri kwamba sauti ya msomaji anaijua: ni ya mkubwa wake wa zamani, mtu mpole, sasa amestaafu. Halafu akafunga faili.

“Mama,” alimwambia Weris, “umesikia mwenyewe. Mwanao ameitwa, ameitika. Siwezi kuandika kifo cha mtu anayeitika.”

Weris aliuliza, kama ni hivyo, mwanawe yuko wapi. Karani alisema hilo mashine haikulitaja.

Guleid hakutia lehemu. Kila Ijumaa baada ya swala jamaa wa wale arobaini na mmoja huja kibandani kwa zamu, kwa kufuata orodha, ili wasisongamane, naye huweka betri mpya. Jina la Abdihafid linapopita, Weris humpa habari za nyumbani upesi, kabla ya jina linalofuata: mvua imenyesha Balambala, ngamia mwekundu amezaa, dada yake Sirad ameolewa. Hamuulizi kitu. Na kila Januari huenda ofisini kutia dole gumba kwenye fomu ya familia za wasafiri, na pale panapouliza tarehe ya kurudi, karani humwandikia, kama kawaida, “hivi karibuni.”