Kicheko cha Prudence

Bibi harusi wa kwetu akicheka siku ya harusi, watu husema alikuwa na haraka ya kuondoka kwao. Kwa hiyo hununa. Ndiyo maana kaka yangu Silasi alipofungua albamu ya harusi ya binti yake mbele ya wakwe, nyumbani kwake Guta, alitamba.

"Oneni mwanangu alivyolelewa. Hata jino halionekani!"

Binti huyo, Prudence, alikuwa kajiinamia mkekani pembeni yangu. Wiki hiyo alikuwa amemkimbia mumewe Butiama, akaja kwangu Nyakato, Musoma, na begi moja na mgongo ambao sikuweza kuutazama mara mbili. Nilimpeleka kwa baba yake ili atetewe. Kumbe kikao kiliitwa ili arudishwe.

"Ndoa ni uvumilivu, dada," Silasi aliniambia. "Vyombo kabatini havikosi kugongana."

"Hapa chombo kinachogonga ni kimoja tu," nikamjibu.

Gasper, mume wa Prudence, alikuja na kaka yake Apolinary. Shati limenyooshwa, sauti ya upole, shikamoo kwa kila mtu. Akatoa simu, akampa Silasi kwa mikono miwili.

"Baba, angalia mwenyewe. Mtu anayeteswa anachekaga hivi?"

Picha za Krismasi, ubatizo, mnadani: kote Prudence alikuwa anacheka. Silasi akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia la pamba. Mimi nikaichukua ile simu, nikaikuza picha kwa vidole.

"Huyu mtoto akicheka, jicho la kushoto linajifumbaga. Tangu anaota meno. Hapa yote mawili yako wazi kama ya samaki sato sokoni. Hicho si kicheko."

Wanaume wakaangua kicheko. Hata Pelagia, mama yake Prudence, aliinamisha uso kwa kunionea aibu.

"Dada, na wewe!" Silasi akasema. "Jicho nalo ni ushahidi?"

Harusini alinuna, wakaita adabu. Butiama anacheka, wanaita raha. Sasa huyu mtoto aweke uso gani ili wamwone?

Yakaisha hivyo: Prudence arudi Butiama. Begi likawekwa kwenye buti la gari walilokuja nalo. Prudence akalia kwa sauti, kamasi zinamtoka, wala hakujali. Apolinary akasema tupige picha ya upatanisho, baba mwenyewe aipige. Silasi akasimama mbele yao na simu. Gasper akapitisha mkono nyuma ya mgongo wa mkewe.

"Cheka," akamwambia taratibu.

Kilio kikakatika hapo hapo. Meno yote yakatokea. Machozi bado yanateremka, macho yote mawili wazi, yamemkazia baba yake.

Silasi hakubonyeza simu. Alisubiri lile tabasamu liishe, halikuisha. Akaishusha simu.

"Basi, mama," akasema. "Prudence. Acha, mwanangu."

Hakuacha. Aligeuka kwanza kumtazama Gasper, aone kama ameruhusiwa.

Silasi akaenda kwenye gari, akafungua buti, akatoa begi.