Mwanagenzi wa Marehemu

Jumatatu, saa mbili kasoro robo asubuhi, fundi wa lifti aliyezikwa Alhamisi alisaini daftari la mahudhurio, akavaa ovaroli, akachukua sanduku lake la spana. Mhudumu wa mapokezi, ambaye mazishini alilia sana, alimpa pole ya msiba.

"Nimeshapoa," alijibu fundi.

Hakurudi kwa kupenda. Kampuni ilikuwa imetangaza nafasi yake, na tangazo lilitaka mtu mwenye uzoefu wa miaka kumi na tano. Mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyefariki. Meneja alimpigia simu mjane, mjane akamfikishia mumewe habari alipokwenda kufagia kaburi. Marehemu aliona si ungwana kupumzika huku watu wamekwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano.

Asubuhi hiyo alikuwapo mapokezi mwanamke wa miaka arobaini na mbili ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Barua. Huu ulikuwa mwaka wake wa tisa bila kazi, tangu kiwanda cha viatu kifungwe, na kila Jumatatu alileta barua ya maombi. Aliishi kwa dada yake. Wageni wakija, dada aliwaambia, "Huyu mdogo wangu, anapumzika kidogo." Shemeji yake alikuwa mtu mwema, kila asubuhi alimuuliza kama wamempigia, kisha akamwongezea chai kabla hajajibu.

Mhudumu aliipokea barua, akaiweka juu ya zile nyingine. "Mama, wanataka uzoefu."

"Nitaupata wapi?"

"Kazini."

Fundi aliyasikia hayo akiwa mlangoni. Akageuka.

"Unaogopa kupanda juu?"

"Naogopa Jumatatu tu," alisema Mama Barua.

"Basi shika hii tochi, twende."

Ndivyo uanagenzi ulivyoanza. Meneja hakuukataa, kwa kuwa hapakuwa na fomu ya kuukatalia.

Mwezi wa kwanza Mama Barua alimulika na kusikiliza. "Hiyo ni breki, inalalamika," marehemu alimwambia wakiwa wamechuchumaa juu ya kichumba cha lifti. "Na hiyo ni kamba. Iache, inaimba tu." Alijifunza kupaka reli grisi, kunyoosha milango inayong'ang'ania, na kuzima umeme kabla ya kuingiza mkono popote. Kwenye hilo la umeme marehemu hakuwa na mzaha. "Mimi haunifanyi kitu tena," alisema. "Wewe bado."

Mwezi wa saba, watu sita walikwama chini kidogo ya ghorofa ya nane. Fundi alinyoosha mkono kuchukua spana, ikapita katikati ya kiganja chake na kuanguka sakafuni. Alikuwa amepungua siku nyingi, ila hakupenda kuzungumzia afya yake.

"Fanya wewe," alisema.

Mama Barua alitazama mikono yake, ambayo kwa miaka tisa iliandika barua tu. "Nikikosea?"

"Utafungua, utakaza upya. Mimi nimekaza upya miaka ishirini."

Mama Barua alizima umeme. Akaachia breki kwa mkono, kidogo kidogo, hadi kichumba kikashuka na kukaa sawa na sakafu ya ghorofa ya saba. Mlango ulipofunguliwa, watu sita walitoka, na mmoja wao akalalamika kwamba yeye alikuwa anakwenda ya tisa. Mama Barua alikaa juu ya sanduku la spana, akalia. Fundi alimgeuzia mgongo kwa heshima.

Kesho yake, shemeji aliuliza kama wamempigia.

"Wamepiga mara nne, shemeji. Sikuwa na nafasi ya kupokea."

Wageni walipokuja, dada aliwaambia, "Mdogo wangu ni fundi. Msikae naye kochi moja, ana grisi."

Mwaka ulipotimia, marehemu alimsainia cheti kwa wino uliosomeka ukielekezwa dirishani, na kampuni ikamwajiri. Ijumaa alasiri marehemu akaaga. Alishuka kwa ngazi. Alisema lifti zimemtosha.

Baadaye kampuni ilipata majengo mapya, ikahitaji mafundi watatu. Mama Barua alikwenda mapokezi, akachagua watatu kati ya waliokuwa wakisubiri: mwokaji aliyekaa miaka sita bila kazi, dereva aliyekaa mitano, na mama mmoja aliyeacha kuhesabu. Akawapeleka kwa meneja.

"Bosi, nipe hawa. Mwaka mmoja tu, watakuwa mafundi."

Meneja alimsikiliza hadi mwisho, akawapa mikono wote watatu, akasema ni wazo zuri sana, atalifanyia kazi. Kisha akaweka fomu za ajira kwenye mkoba, akamwambia dereva wake ampeleke makaburini.

Alirudi saa kumi na moja jioni, viatu vimejaa udongo, na fomu tatu zimejazwa.

"Wawili wanaanza Jumatatu," alimwambia mhudumu wa mapokezi. "Wa tatu ameomba muda kidogo, awaage wenzake."