Kijana wa Roret Aliyegawa Programu Bure

Wazazi ambao watoto wenu wamesomea kompyuta, hii ni yenu. Wa udaktari mnaweza kupumzika.

Janeffer wa Roret alikuwa na kijana wake Gibson, aliyemaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani kuchuma majani chai pamoja na digrii yake. Gibson aliona jinsi mama yake anavyokaa kituoni na magunia akingoja lori la kiwanda, majani yakishika joto na kuwa mekundu, halafu karani anayakataa. Akatengeneza programu ya simu. Dereva anaiwasha akitoka kiwandani, mkulima anaona lori limefika wapi, ndipo anapeleka majani kituoni. Ukiifungua inakusalimia, "Chamgei, mama," kwa sauti ya Gibson mwenyewe.

Akaiweka kwenye mtandao bure, maandishi yote yanayoiendesha yakiwa wazi kwa yeyote kuyasoma, pamoja na leseni. Leseni za namna hiyo ni nyingi na nyingine ni ndefu. Gibson alichagua fupi kabisa: chukua, badilisha, uza, fanya upendavyo, mradi usifute jina langu. Nyumbani kwao mgeni akiingia hupewa chai kabla ya kuulizwa shida yake, na Gibson alidhani mtandao ni sebule ya mama yake.

Basi mgeni akaingia. Kampuni moja ya Nairobi, Jani Mwerevu, iliichukua, ikaipaka rangi ya kijani, ikayafunga maandishi, ikaanza kuwauzia wakulima kwa wiki. Madereva wa kiwanda wakahamia kwao, na usipolipa, lori linapotea kwenye simu. Sheria hawakuvunja hata moja, tuwape haki yao. Hata jina la Gibson waliliweka, chini kabisa ya ukurasa ambao mtu huufungua tu kidole kikiteleza. Na Janeffer akawa analipia kusalimiwa na mtoto wake.

Gibson hakukata tamaa. Alishirikiana na Dorine, binti ya watu waliotoka upande wa ziwa kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya Kericho, wakaandika programu mpya, nusu kwa nusu. Hii inajua mapema kama lori litakwama kwenye matope, na inawaambia watu wasichume kwanza. Kabla hawajaitoa, Jani Mwerevu wakasikia. Wakamtuma bwana mmoja mwenye viatu safi sana, Mageto. Alileta kazi: Gibson aajiriwe Nairobi, mradi programu mpya itolewe kwa leseni ile ile fupi. Na kwa kuwa nusu ni ya Dorine, naye akubali.

Janeffer aliitamani kazi hiyo kuliko Gibson mwenyewe. Akachinja kuku.

"Leseni fupi ndiyo uhuru," Mageto alisema, paja la kuku mkononi. "Ukianza masharti, kampuni zinaogopa. Na zikiogopa, nani atalipia mitambo? Simu ya mkulima ikikwama, atampigia nani?"

"Hapo hajakosea," Gibson alisema. "Bila kampuni, kitu kinaweza kufia kwenye kompyuta yangu. Dorine, si unajua ni ngapi zimekufa hivyo?"

"Kwani nimesema wasiuze?" Dorine alijibu. "Wauze mpaka wachoke. Lakini wakiibadilisha na kuisambaza, wafungue maandishi yao, vile sisi tumewafungulia yetu. Ni hayo tu."

"Hiyo sasa ni roho mbaya, dada," Mageto alisema kwa upole. "Unampa mtu kitu halafu unamfuata kukidai?"

Gibson akacheka. "Dorine anataka iwe kimanagan."

Mageto, ambaye kwao ni Kisii, akauliza hiyo ni nini. Janeffer alifurahi kupata la kusema, maana tangu asubuhi alikuwa wa kubeba sahani tu.

"Jirani hana ng'ombe, unampelekea wako amtunze. Maziwa ni yake. Mbolea ni yake. Akitaka kuuza maziwa, auze. Lakini ng'ombe akizaa, ndama ni wako."

"Na usipopatana naye hivyo?" Mageto aliuliza.

"Basi umempa. Amekwenda."

Mageto alitikisa kichwa kwa huruma. "Mambo ya zamani hayo, mama. Sisi tumewarahisishia. Nyinyi mnatuachia ng'ombe, sisi tunawaletea maziwa mpaka mlangoni, mnalipa kidogo kidogo. Hata kukamua hamkamui."

Hakuwa anatania. Aliwatazama mmoja mmoja, akingoja wamshukuru.

Gibson aliweka kijiko chini. Hakumtazama Dorine, alimtazama mama yake, maana alijua kuku yule alichinjwa kwa ajili ya nini. Janeffer aliuona mshahara umekaa pale mezani, umevaa tai. Akajiona na yeye pale kituoni, na wenzake wote mpaka Sosiot, wakilipa kila wiki ili mshahara huo utoke.

"Baba," alimwambia mwanawe, "hii usiigawe kama ile."

"Kazi itaenda, mama."

"Najua. Si mimi nimechinja?"

Gibson akafungua kompyuta hapo hapo kando ya sufuria. Dorine akamsomea leseni moja ndefu, yenye lile sharti lake, neno kwa neno, nao wakaitoa programu nayo. Mageto aliuliza kuhusu ile ya kwanza.

"Hiyo nilishawapa," Gibson alisema. "Hairudi."

Mageto akaaga vizuri. Langoni alimuuliza Dorine kama anatafuta kazi.

Msimu wa mvua ulipofika, Jani Mwerevu waliichukua ile mpya pamoja na masharti yake, wakafungua waliyoongeza, wakatangaza kwamba wao ni wapenzi wa uwazi tangu kuzaliwa. Ile ya kwanza bado wanaiuza. Gibson bado anachuma majani. Mama yake bado anamwombea kazi kila Jumapili, ila siku hizi anamsomea Mungu na masharti.