Deraya Iliyojifunza Kusimama

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, meza ya kulia ilikuwa imekwisha kufutwa na kutandikwa magazeti ya zamani. Juu ya magazeti hayo palikuwa na kisu kifupi, msharasi wa kutobolea ngozi, donge la nta, nyundo ya mti na kopo la njumu za shaba za kupambia. Chini, kando ya mguu wa meza, kipande kikubwa cha ngozi ya ng'ombe kilikuwa kimelowekwa tangu asubuhi ndani ya beseni la kufulia. Mwenye nyumba alipita, akalitazama beseni, akasimama.

"Mama watoto, hilo si beseni la mashati yangu?"

"Ndilo."

"Na mashati yako wapi?"

"Kwenye ndoo ya kupigia deki. Usinitazame hivyo, niliisugua kwanza."

Mume huyo alikuwa mlinzi wa mlango katika jengo moja la ofisi, na mtaani waliendelea kumwita Mlinzi hata siku za mapumziko. Yeye na mkewe waliitwa kwa pamoja, Mlinzi na Fundi, kama kinu na mchi. Fundi alikuwa ameshona viti vya magari muda wote wa kazi yake, na alipostaafu aliusiwa na watoto wake apumzike. Alipumzika kidogo, akaona mapumziko yanamchosha kuliko viti. Ndipo siku moja, akitafuta kifungo ndani ya kopo kuukuu la biskuti, alipokitazama kifuniko chake kwa makini. Palikuwa pamechorwa askari wa kale, amevaa ngozi iliyotiwa nakshi kuanzia kidevuni hadi magotini. Fundi alimkagua askari huyo, akasema kwamba mishono ya begani ni ya kivivu, na kwamba yeye angeshona vizuri zaidi.

Tangu hapo alitengeneza mavazi ya vita kama lile, deraya za ngozi, kwa mapenzi yake tu. Hakuuza hata kipande. Ngao, chapeo za kichwani na vikinga vya mikono vilitundikwa sebuleni, na wageni walizoea kunywa chai wakitazamwa na askari wasio na vichwa.

"Kwani vita viko wapi, Fundi?" jirani aliuliza.

"Vita havibishi hodi, jirani. Kunywa chai, inapoa."

Alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja kamwe. Kila deraya aliishona kwa ajili ya jambo fulani, na mpaka jambo lile litimie, aliacha kifuani mahali patupu, ukubwa wa kiganja, pasipo nakshi. Ile ya binti yao aliyekuwa mjamzito aliimalizia mchana ule mtoto alipolia kwa mara ya kwanza. Ile ya seremala aliyevunjika mguu aliimalizia seremala alipokuja kuichukua kwa miguu yake mwenyewe. Kumalizia kabla ya wakati, alisema, ni sawa na kumwita mtu marehemu naye yungali anakohoa.

Deraya iliyokuwa ikiloweshwa Jumapili hiyo ilikuwa ya Mlinzi, na jambo lake lilijulikana nyumba nzima. Mlinzi alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Katika mlango ule alikuwa amewasalimu watu wa vyeo vyote, na wengi walimwitikia, hata kama ni kwa kuinua mfuko wa karatasi. Lakini Mkurugenzi, kijana wa umri wa kitindamimba wao, hakuwahi kuitikia. Kila asubuhi Mlinzi alimfungulia mlango akasema, "Habari za asubuhi, Mkurugenzi," na kila asubuhi Mkurugenzi alipita kama apitaye mbele ya nguzo. Mlinzi hakutaka shikamoo, ingawa kwa umri ilikuwa haki yake. Alitaka aambiwe "nzuri" mara moja, kabla hajakabidhi funguo.

"Hakuoni," Fundi alimwambia. "Nitakushonea kitu ambacho hata asiyeona atakipisha. Ukikivaa siku ya mwisho, atasimama. Akisimama, ataitikia. Akiitikia, nitachora hapa kifuani ua kubwa, ukome kunisimulia habari zake kila jioni."

"Nami nitapata nafasi ya kukusimulia nini?"

"Utanyamaza. Wengine hunyamaza."

Palikuwa na tatizo dogo. Ngozi iliyolowa hulegea, na ikikaukia juu ya kitu hushika umbo la kitu hicho. Ndiyo maana mafundi huikausha juu ya kalibu ya mti. Kalibu ya Fundi ilikuwa ya mtu mwembamba, na Mlinzi alikuwa na kitambi cha heshima. Fundi alipima kwa kamba, akapima tena, akatikisa kichwa.

"Utakuwa kalibu mwenyewe. Vua shati, simama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ikauke."

"Basi," Mlinzi akasema, "hiyo ndiyo kazi ninayoijua."

Fundi yeyote wa ngozi angeonya kwamba hilo ni kosa. Ngozi mbichi huchukua kila kilicho chini yake, na hutumiwa mti kwa sababu mti hauna mazoea. Fundi alilijua hilo vizuri kabisa. Ila ilikuwa Jumapili, mumewe yu nyumbani, na ilimpendeza kufanya kazi akiisikia pumzi yake karibu na sikio. Basi hakufikiri zaidi. Alimfunga ngozi kifuani na mgongoni, akamvika ya mikono na ya miguu, akazibana kwa kamba, akaanza kugonga nakshi ya majani mabegani. Mlinzi alisimama kama alivyosimama siku zote: uzito juu ya mguu wa kushoto, mabega nyuma, mkono wa kulia umetangulia kidogo kuelekea mahali ambapo pangekuwa na kitasa. Alisimama hivyo jua lilipokuwa dirishani na jua lilipokwisha kuondoka dirishani. Hakujikuna. Ngozi ikakauka.

Wakati wa chakula cha jioni Fundi alimvua Mlinzi deraya, akafunga bizimu za mwisho za mikanda, akaitundika kwenye msumari wa ukumbini, na chapeo yake juu.

Asubuhi ya Jumatatu msumari ulikuwa mtupu. Mlinzi alidhani mkewe ameiondoa, akavaa kofia yake, akaenda kazini. Alipofika aliikuta deraya imesimama mlangoni, mahali pake hasa, uzito juu ya mguu wa kushoto. Karani wa mapokezi alikuwa anaingia, nayo ikamfungulia.

"Zamu yangu," Mlinzi aliiambia.

Ngozi ililia kidogo, kama kiti kinapokaliwa, lakini haikusogea. Mlinzi alingoja pembeni. Aliona watu wanaingia, mlango unafunguka na kufungwa, na hakuna aliyekwama. Akarudi nyumbani.

"Umesahau nini?" Fundi aliuliza.

"Sijasahau kitu. Nafasi imeshikwa."

"Na nani?"

"Na deraya."

Fundi alifikiri. "Imefunga bizimu za ubavuni?"

"Zote."

"Basi haina neno. Kaa nikumiminie chai."

Hivyo ndivyo Mlinzi alivyokuja kuijua nyumba yake mchana. Aligundua kwamba kabla ya adhuhuri jua huingia jikoni na kukaa juu ya ukuta unaotundikwa sufuria, na kwamba mkewe, akiwa peke yake, huimba akitoboa ngozi, na huimba vibaya. Alimwambia. Fundi alimjibu kwamba sauti hiyo ilikuwa nzuri alipoolewa, na aliyeiharibu anajulikana. Alimfundisha kupitisha uzi kwenye nta. Mlinzi aliupitisha kwa uangalifu wa mtu anayekaguliwa, na Fundi akautazama uzi ule dirishani, akasema unafaa. Neno ambalo hakuwaambia wanafunzi wake wengi. Walikuwa wameoana muda mrefu, na hawakuwahi kuonana saa nne ya asubuhi siku ya kazi.

Jioni deraya ilirudi kwa njia ile ile aliyoizoea Mlinzi. Kwa kuwa haikuweza kubisha hodi, ilisimama nje mpaka ikafunguliwa. Fundi aliifuta vumbi, akaipaka mafuta kwenye viwiko palipoanza kukunjika, akaitundika. Kesho yake ikatoka tena.

Habari za kazini zililetwa na mama aliyepika chai katika jengo hilo, ambaye watu walimwita Mama Chai. Yeye aliishi mtaa wa pili, na alimwita Mlinzi babu ili apate ruhusa ya kumtania.

"Babu, umepungua huko kazini. Nimechungulia ndani ya chapeo, hamna mtu. Nikaona si vizuri kuuliza."

"Umefanya vyema. Na wenzangu wanasemaje?"

"Wanasema umependeza. Mhasibu kasema eti siku hizi unasimama wima." Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari ya kukoroga.

"Sema yote," Fundi alimwambia. "Umekuja na jingine."

"Mkurugenzi kazungumza mkutanoni. Kasema mlinzi wetu sasa ana nidhamu. Kasema, zamani alikuwa anasumbua watu kwa salamu."

Mlinzi alichukua uzi akaupitisha kwenye nta, ingawa ulikuwa umekwisha kupitishwa.

"Kumbe alikuwa anasikia," akasema hatimaye.

Siku yake ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Fundi alimpigia pasi shati jeupe, akamfunga kifungo cha shingo kwa mkono wake mwenyewe. Deraya ilikuwa imekwisha kutangulia.

"Utamsalimu?" aliuliza.

"Nitamsalimu."

"Sema kwa sauti. Usimung'unye kama unaomba mkopo."

Mlinzi alisimama mlangoni, ubavuni mwa deraya, katika mkao ule ule, hata aliyewatazama kutoka ng'ambo ya barabara angedhani ni kitu na kivuli chake. Wafanyakazi waliingia. Mhasibu aliisalimu deraya, kisha akamwuliza Mlinzi kwa upole kama ana miadi na mtu. Mama Chai alikuja na trei yake akasimama ndani ya kizingiti, kwa sababu alitaka kuona.

Mkurugenzi akashuka kwenye gari.

"Habari za asubuhi, Mkurugenzi," Mlinzi alisema, kwa sauti.

Mkurugenzi alisimama. Hakuwahi kusimama hapo kabla. Alikitazama kifua cha deraya, akapitisha macho juu ya majani ya mabegani, juu ya njumu za shaba, akafika kwenye mahali patupu pa ukubwa wa kiganja, akapagusa kwa ncha ya kalamu.

"Hapa hapajamalizwa," alimwambia Mama Chai. "Mwambieni aliyeshona amalizie." Kisha akamwona Mlinzi. "Na huyu mzee anamngoja nani?"

"Anakungoja wewe, Mkurugenzi. Amekusalimu."

"Sina miadi asubuhi hii," alisema Mkurugenzi, akaingia. Deraya ilimfungulia mlango, na alipokwisha kupita, ikaufunga polepole usigonge.

Halafu deraya iliondoa uzito kwenye mguu wa kushoto. Ikamgeukia Mlinzi, ikakutanisha viganja vyake vya ngozi mbele ya kifua, ikainama kidogo, kama kijana aliyelelewa anavyomwinamia mkubwa wake. Mishono yake yote ililia kwa pamoja, sauti ndogo na ndefu. Ikabaki imeinama, ikingoja.

"Marahaba," Mlinzi akasema. "Marahaba, mwanangu. Simama."

Ikasimama.

Alasiri ilifanyika hafla ya kumuaga Mlinzi. Ilialikwa deraya. Ilitolewa hotuba fupi kuhusu uaminifu, na mwisho wake Mkurugenzi akatangaza kwamba, kwa nidhamu aliyoionyesha siku za karibuni, mlinzi ameongezewa muda na hatastaafu. Watu walipiga makofi. Deraya haikula keki, na Mama Chai alikifunga kipande chake kwenye karatasi akakipeleka nyumbani kwa mwenyewe.

Mlinzi na Fundi walikigawana mezani, juu ya magazeti.

"Ameitikia?"

"Hajaitikia. Amesema hujamaliza kushona."

Fundi aliweka uma chini. Hapo ndipo alipokaribia kukasirika. "Amepaona?"

"Alipaona kabla hajaniona mimi."

"Na hakuna aliyekusalimu hata mmoja?"

"Yule wa ngozi kaniamkia. Nimemwitikia." Mlinzi alikusanya makombo kwa kidole. "Ana adabu sana. Umemfunza lini?"

"Mimi nilikata na kushona tu. Adabu ilikuwa ndani wakati ngozi inakauka."

Mlinzi alikunja karatasi ya keki, akaiweka kando. Baadaye alisema kwamba pengine sasa ua lile lingechorwa, maana mambo yamekwisha, na deraya inayotoka kila siku haipendezi ikiwa na pengo kifuani. Fundi alikataa. Deraya ilishonwa kwa ajili ya neno moja, na neno hilo halijasemwa. Angeweza kumpenda mumewe na bado akaishika kanuni yake. Alikuwa amefanya hivyo maisha yote.

Kwa hiyo pale pangali patupu. Mkurugenzi hupita kila asubuhi bila kuitikia, ingawa siku hizi hakuna anayemsalimu, na deraya humfungulia. Nyumbani, kabla haijatoka, Mlinzi huifunga bizimu za ubavuni, huiwekea kiganja kifuani, huisalimu, naye husubiri mpaka ngozi ilie. Kwa jasho la kiganja hicho mahali patupu pameanza kuwa peusi, na michirizi ya vidole vitano inaonekana. Fundi amepaona. Kila jioni akiipaka deraya mafuta, huzunguka pale kwa kitambaa asipaguse.