Binti Yangu Alipokuwa Mimi

Mimi ni mwalimu wa udereva. Miaka kumi na tisa nimekaa kiti cha abiria nikipandishwa kwenye kuta na kutumbukizwa mitaroni, na sifa yangu kubwa ni upole. Mwanafunzi aking'oa kioo cha pembeni, namwambia, "Usijali, vuta pumzi, tuanze upya." Upole huo wote huwa nauacha garini.

Binti yangu alipofikisha miaka kumi na mitano alianza kutoroka shule. Wiki tatu anatoka asubuhi na sare yake, shuleni haonekani. Nilipogundua, nikamhutubia. Nilihutubia mezani, nilihutubia sebuleni, na siku moja niliuhutubia mlango wa chumba chake dakika ishirini nzima, mpaka mke wangu akanigusa bega. "Mwenzangu, humo hamna mtu. Yuko kwa jirani."

Shule ikatuelekeza kwenye kituo cha ushauri kwa familia. Tulikwenda sote watatu, mimi kifua mbele, kama mtu anayepeleka mgonjwa. Tulikuta viti vya plastiki, boksi la karatasi laini za kufutia machozi, na mshauri, mama mmoja mwenye sauti ya chini. Lile boksi nikalisogeza upande wa binti yangu.

"Leo mtabadilishana," mshauri akasema. "Baba atakuwa binti, binti atakuwa baba."

Nikafurahi. Leo atajiona! Nikajibwaga kitini, nikanuna, nikabinua midomo.

Binti yangu akasimama. Akafuta miwani asiyokuwa nayo kwa ncha ya blauzi, akakohoa mara mbili kama nifanyavyo kabla ya kuhutubia, akaninyooshea kidole. "Nitasema kwa kifupi," akaanza, na mke wangu akaangua kicheko pale pale. Kisha ikaja hotuba yangu yote, mpaka na mate yake. "Unataka nini ambacho hujapewa? Nijibu! Wewe, usinijibu!"

Nilifungua mdomo mara nne, akanikatiza mara nne. Masikio yakaanza kunichoma. Kabla sijajijua nilikuwa nimeshainuka, nimetoka, nimebamiza mlango. Mtu mzima na mvi zangu, nimesimama kwenye korido, nimenuna kweli kweli.

Mshauri akanifuata. "Ulitaka kusema nini, baba?"

"Sijui. Kwani nilipewa nafasi?"

Nikajisikia nilivyosema, nikatamani ardhi inimeze.

Nikarudi, nikakaa, nikafunga mdomo. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Nilimaliza kuhesabu vigae vya ukuta mzima ndipo binti yangu akasema.

"Nikiambiwa nisome kwa sauti darasani, maneno yananikwama. Wanacheka. Kwa hiyo nakwenda kukaa kwenye foleni ya kliniki ya macho. Pale kila mtu anasubiri zamu yake, hakuna anayeniuliza kitu."

Hotuba kama saba hivi zikanipanda kooni. Nikazimeza, zikashuka kwa shida.

"Pole, mwanangu," ndiyo pekee iliyotoka.

Mshauri alizungumza na mwalimu wa darasa, na sasa binti yangu anasoma kwa sauti wakiwa wawili tu, yeye na mwalimu. Shule anakwenda, ingawa wiki iliyopita Alhamisi ilimshinda. Alinieleza mwenyewe, jikoni, akimenya vitunguu. Nilikuwa nimeshakohoa mara moja. Mke wangu akanikabidhi ndoo ya taka na kunionyesha mlango.

Niliporudi nilikuta wanacheka. Sikuuliza wanamcheka nani.