Hofu Iliyovaa Leso Yangu

Usiku wa jana niliota nimeitwa kazini jangwani Chalbi kuwatoa ndege damu. Sikushangaa. Nina diploma ya maabara, na binti yangu Napeyok, anayesomea ndege chuoni, alikuwa ameniambia tukila kwamba joto kali huwatia ndege msongo, na msongo huo hupimwa kwenye damu.

"Lakini ni ndani ya dakika tatu, Mama," alisema. "Zikipita, unapima hofu ya kukuogopa wewe."

Nafungua mlango wa maabara, nje ni mchanga mtupu. Jua limekaa kwenye benchi la wagonjwa, wala halina kadi. Kipimajoto kinasema kimefika nyuzi hamsini na kinaomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Nakikatalia. Hata mimi sijapata likizo tangu Pasaka.

Mezani amelala firigogo dume, yule ndege wa jangwani anayelowesha manyoya ya tumbo kwenye maji ya mbali ili makinda wake wayanyonye akirudi. Anahema mdomo wazi.

"Fanya haraka, daktari," akasema. "Nina watoto watatu chini ya jiwe. Adhuhuri ikiwakuta bila maji, wamekwisha."

"Mimi si daktari, ni wa maabara. Nyoosha bawa."

Hapo ndipo nilipokosea. Badala ya kumchoma sindano nilianza kumwuliza mama yao yuko wapi, na kwa nini walizalia jangwani na ziwa lipo. Alijibu kwa adabu kwamba mama yao amebaki kuwakinga jua kwa mabawa. Nikamwambia asinijibu. Ndivyo ninavyowauliza wazazi wote wanaochelewa kuleta watoto, mdomo wangu umezoea.

Dakika ya tatu ikaisha. Mlango ukabishwa.

Aliyeingia ni mimi. Leso yangu ya maua ya njano, viatu vyangu, na jicho lile ninalowakatia wanangu wakimwaga chai.

"Mimi ndiye Hofu," akasema. "Nimekuja kwa huyu."

Akampanda firigogo mgongoni, akakaa, akavua viatu.

Firigogo anapiga mabawa. Hainuki. Napima: uzito wa joto, gramu mbili. Uzito wangu, kilo themanini na moja.

"Shuka," namwambia Hofu.

"Nishuke niende wapi? Si wewe uliyeniita?"

Nikamwomba ndege radhi. Sikumbuki lini niliwahi kumwomba mtu radhi nikiwa kazini.

"Radhi hainyweki, Mama Napeyok," akasema. "Nenda wewe."

Naenda. Hatua nne, Chalbi imekuwa wodi ya wazazi, halafu jikoni kwangu, halafu ufuo wa ziwa. Sina manyoya tumboni, kwa hiyo nachovya pindo la leso. Kurudi ni kilomita thelathini. Jua linanifuata likiniuliza kama nina haraka. Pindo nimelikumbatia kama mtoto mwenye homa.

Chini ya jiwe mama yao amesimama mabawa wazi, kiu imemmaliza sauti. Anasogea kunipisha. Kinda wa kwanza anauma pindo, ananyonya. Wa pili ananyonya. Wa tatu, mdogo kuliko wote, ananitazama na kutetemeka. Nyuma yangu nasikia viatu vyangu vikija.

"Usiniogope," namwambia, kwa sauti ambayo hata Napeyok hajawahi kuisikia. "Kunywa, baba."

Kinda akafungua mdomo. Saa ikalia, saa kumi na mbili asubuhi.

Leso niliyojifunika ilikuwa kavu yote isipokuwa pindo. Pindo lilikuwa limelowa, lina mchanga, na nyuzi zimevutwa mahali pawili. Nikatafuta pa tatu. Nikageuza leso, nikatafuta tena.

Napeyok alinikuta bafuni nikilichovya pindo kwenye karai. Akauliza kama siendi kazini. Nikamwambia awapigie simu, nitachelewa. Kisha nikarudi kitandani na leso inayodondosha maji, nikajifunika, nikafumba macho.