Bisibisi Kwenye Pengo

Fundi Lerionka wa Kaloleni hakuwa mnyenyekevu, wala hakutaka watu wamdhanie hivyo. Ukimsifu hakukukatiza, alikusubiri umalize, kisha akakuongezea yale uliyoyasahau. Sifa yake kubwa ilikuwa sikio. Enzi zake, gari likipita barabara ya uwanjani naye yuko chini ya lori, mgongo juu ya boksi lililokunjuliwa, alipaza sauti kutoka huko huko chini: "Mwambieni huyo valvu zake zimelegea!" Na kweli, wiki haiishi, mwenye gari huyo anarudi mwenyewe, mpole. Watu wakamwita Sikio. Jina likaandikwa hadi kwenye bati la gereji, na aliyemwita mchoraji alikuwa yeye mwenyewe.

Sasa sikio lenyewe lilikuwa limekwenda na maji. Halikuondoka siku moja. Kwanza walipotea ndege wa asubuhi, ikafuata simu, yakafuata mahubiri ya mchungaji, na hayo hakuyalilia sana. Lakini siku aliposimamisha bisibisi ndefu juu ya injini, mpini sikioni kama alivyofanya maisha yake yote, asisikie kitu ila mvumo, aliogopa. Alikaa juu ya tairi bovu, akajifanya anatafuta nati iliyoanguka.

Hakumwambia mtu. Akabuni njia. Binti yake Nashipae alikuwa fundi kama yeye, kashika spana tangu shule ya msingi, na sasa ni mtu mzima mwenye wateja wake. Gari likiingia linagonga, Lerionka alikunja mikono kifuani na kusema kwa ukali, "Haya, leo nakupima. Sikiliza, uniambie." Nashipae anasikiliza, anasema. Mzee anatikisa kichwa taratibu, anamwacha aungue kidogo, kisha anatoa hukumu: "Umejitahidi." Mteja anaondoka akimsifu mzee anavyomlea mwanawe kikazi. Nashipae naye alishachoka. Mtu gani hupimwa mpaka anaanza kuota mvi?

Siku Elinipa alipokuja, Nashipae alikuwa Kijenge, kwa mtu ambaye gari lake lilikataa kuwaka.

Elinipa alikuwa mama mmoja wa kijiji cha Akheri, mfanyabiashara wa ndizi, na aliliendesha lori lake dogo mwenyewe. Alishuka, akajifunga khanga vizuri.

"Shikamoo, fundi."

Kimya. Akarudia kwa sauti.

"Marahaba, mama! Karibu."

"Lori linagonga, fundi. Nikipanda kutoka Tengeru linagonga mpaka watu wanatoka migombani kuangalia." Akaweka mkono kwenye mlango wa lori. "Na injini hii haijawahi kufunguliwa. Nimelinunua kwa kahawa ya shamba langu, sokoni wote wanajua, lori la Elinipa halijaguswa. Kuna fundi kaniambia niishushe injini, isukwe upya. Nikamwambia haisukwi mpaka Sikio aseme. Wewe ukisema tufungue, tunafungua. Simwulizi mwingine."

Siku nyingine maneno hayo yangemnenepesha. Mafundi wa jirani walishasogea, kama ilivyokuwa kawaida yao, kumtazama Sikio akifanya kazi. Lerionka akawasha lori, akapiga resi, akasimamisha bisibisi, akatega. Mvumo. Akahamisha. Mvumo ule ule. Ndipo akafanya jambo ambalo fundi anayejiheshimu halifanyi: akakisia. Tena akakisia kwa hila, maana ukiifungua injini yote, ugonjwa wowote utakuwa umo humo ndani, na hakuna atakayejua kwamba wewe hukuusikia.

"Metali za chini, zile zinazobeba mhimili wa injini, zimekwisha," akasema. "Tunashusha injini. Tunaisuka."

Elinipa hakubisha. Aliupapasa ule mlango, akasema, "Sawa, fundi," akaenda kukaa kwenye benchi na kuwapa kisogo. Hakutaka kuona. Lerionka alikitazama kisogo kile, akajisikia vibaya sana, akaagiza mnyororo wa kunyanyulia injini uletwe haraka.

Mnyororo ulikuwa umeshaning'inizwa Nashipae aliporudi. Lori lilikuwa bado linanguruma, limeachwa oili ipate moto ili imwagike vizuri.

"Mnashusha nini?"

"Injini," baba yake akasema. "Metali."

Nashipae akainamisha kichwa, akasikiliza. "Baba, hii siyo metali. Mlio wa metali ni mzito, tena uko chini. Huu mlio ni mkavu, uko juu. Ni nozeli hii, inamwaga dizeli vibaya."

"Nimeshasema."

"Umesema, ila..."

"Nani fundi hapa?"

Mafundi wa jirani wakaanza kutazama viatu vyao. Nashipae alikuwa na haki ya kununa, lakini hakununa. "Wewe ndiye fundi, baba. Tulegeze bomba za nozeli moja moja tu tusikilize. Kama nimekosea, shusha."

Lerionka akapanda kwenye bampa mwenyewe, kwa hasira, ili amkomoe. Kazi hiyo inataka mikono miwili, huku spana, huku kitambaa. Bisibisi akaiweka pale alipoiweka siku zote mikono ikimjaa: mdomoni, kwenye pengo. Meno yale mawili ya mbele ya chini aling'olewa utotoni kule Olmotonyi, kama watoto wengi wa Kiarusha wa rika lake, na chuma kilikaa humo bila kutikisika. Akainama. Ncha ya bisibisi ikagusa injini.

Ta. Ta. Ta.

Mlio uliingia kwenye taya, ukapita mifupani, ukapanda hadi kichwani, safi kabisa. Lerionka akaganda. Akaking'ata chuma kwa nguvu, akakihamisha. Silinda ya kwanza, shwari. Ya pili, shwari. Ya tatu: ta, ta, ta, mkavu, juu. Akashuka kwenye bampa, akapiga magoti, akagusisha ncha chini kabisa, penye oili. Huko metali zilikuwa zinafanya kazi kwa raha zao, hazina habari na mtu. Machozi yakamtoka mzee wa watu. Alikuwa amedhani hatasikia tena injini maishani mwake.

"Baba, umeumia?"

Akasimama, akaitoa bisibisi mdomoni. Neno lilikuwa limeshafika ulimini: umejitahidi. Angelitamka hilo tu, watu wangeamini alikuwa anampima tangu mwanzo, na jina lingebaki juu ya bati. Akamtazama binti yake, aliyesimama akingoja alama zake kama siku zote. Akalimeza lile neno.

"Mama, njoo," akamwita Elinipa. "Nimekudanganya. Sikusikia kitu. Masikio yangu yamekwisha, tena yana muda. Magari yote niliyoletewa hapa siku hizi yakapona, aliyesikia ni huyu."

Nashipae alikuwa anamkodolea macho.

"Na kule kunipima, baba?"

"Sikuwa nakupima, mwanangu. Nilikuwa nakuomba."

Nashipae alitamani kulia, na alitamani kumkumbatia, na vyote viwili havifanyiki mbele ya mafundi wa Kaloleni. Akachukua spana.

Wakafanya kazi pamoja. Walipolegeza bomba la silinda ya tatu, ikakosa dizeli na mlio ukakatika. Lakini hata metali mbovu ya hapo ingenyamaza vivyo hivyo, kwa hiyo Nashipae akazima lori, akaing'oa nozeli ya tatu na kuibadilisha nafasi na ya kwanza. "Mlio ukihamia ya kwanza, ni nozeli," akamweleza Elinipa. "Ukibaki ya tatu, mama, injini inashuka." Elinipa alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, anaomba.

Lori likawashwa. Lerionka akaing'ata bisibisi, akainama. Ya tatu, shwari. Ya kwanza: ta, ta, ta. Chuma kikiwa bado mdomoni, akainua mikono yote miwili juu. Elinipa akapiga vigelegele mpaka watu wakasimama barabarani.

Jioni ile lori lilirudi Akheri na nozeli mpya. Injini haikufunguliwa, na kesho yake sokoni kila mtu alielezwa hivyo, anayetaka na asiyetaka.

Lerionka yeye alivuka barabara kwenda kunywa chai kwa mama ntilie, wenzake wakamzunguka. Akawainamia, kama mtu anayetoa siri.

"Mnamwona yule binti? Nimemfundisha mimi, lakini kanipita. Hata ujana wangu wote sikuwahi kuwa na sikio kama lile. Ila msimwambie. Ataringa."

Alidhani ananong'ona. Sauti yake ilifika hadi uwanjani. Chini ya gari lingine, mgongo juu ya boksi, Nashipae alisikia kila neno, akaringa.